Barnaba Alivyoiona Neema



Kanisa la Yerusalemu liliposikia ya kwamba huko Antiokia Wayunani nao wameamini, lilimtuma Barnaba. Angaliweza kwenda kama mkaguzi atafutaye makosa. Nayo hayakosekani kwa watu wapya. Walakini yeye aliiona neema ya Mungu, akafurahi. Kisha akaenda Tarso kumtafuta Sauli, yule ambaye zamani wanafunzi walimwogopa, asiwe na wa kumsimamia ila Barnaba.

Na sisi je? Twajua sana kushika daftari la mahudhurio. Palikuwa na mzee mmoja mtaani kwetu, mwenye kuchelewa ibada kila Jumapili. Tulimkemea mbele ya watu, naye akanyamaza. Baadaye tuliambiwa na watoto (maana watoto huona) ya kuwa kila alfajiri alikuwa akimchotea maji mjane kipofu, asiye wa kabila lake wala si Mkristo.

Tulikwenda kwake jioni, tukaona haya hata kubisha hodi. Akatukaribisha, akatupa uji. Jumapili iliyofuata alichelewa tena, nasi tulikuwa tumemwekea nafasi karibu na mlango.