NANI YUMO KATIKA ORODHA YA ABIRIA?

Mada iliyotolewa na padre mlezi wa Tume ya Haki na Amani katika semina ya viongozi wa halmashauri ya walei na jumuiya ndogondogo



Wapendwa makatekista, viongozi wa halmashauri ya walei, akina mama, akina baba na vijana mlioacha kazi zenu ili kuhudhuria semina hii, nawashukuru kwa moyo wote. Nimeombwa nizungumze juu ya haki ya mtu kukaa katika nchi yake. Ningeweza kuanza na migogoro ya mashamba tunayoijua hapa kwetu. Nimeona ni afadhali kwanza tutazame mbali kidogo, kwa sababu aghalabu mtu huliona kosa kwa urahisi zaidi katika nyumba ya jirani, kisha hurudi nyumbani akiwa na macho makali zaidi. Tutafuata njia yetu ya kawaida: tuone, tuamue, tutende.

TUONE

Mkisimama ufukweni kusini kidogo ya Dar es Salaam mkatazama mashariki, yapata kilomita 3,600 mbele yenu kuna kisiwa kiitwacho Diego Garcia. Kisiwa hicho ni kikubwa kuliko vingine vyote vya funguvisiwa la Chagos. Pamekuwa na kituo kikubwa cha jeshi la Marekani, katika eneo lililotawaliwa na Uingereza, chenye njia ya kurukia ndege inayozidi kilomita tatu na nusu. Wanajeshi wamekipa kituo hicho jina la utani, “Unyayo wa Uhuru”, kwa kuwa kisiwa kikitazamwa kutoka angani hufanana na unyayo wa mtu.

Hakuna shirika la ndege linalouza tikiti za kwenda Diego Garcia. Msafiri hawezi kufika dirishani, akalipa nauli na kupanda. Wanaokwenda huko kwa ndege husafiri kwa ndege za jeshi, au kwa ndege za abiria zilizokodiwa na jeshi. Ndani yake mna viti, mikanda na chakula kama katika ndege yoyote. Tofauti iko katika orodha ya majina. Anayepanda ni yule tu aliyepewa amri au kibali: askari anayekwenda zamu, kwa kawaida ya mwaka mmoja na bila mke wala watoto; fundi; mpishi; mfagizi. Wengi wa vibarua hao wa mkataba ni Wafilipino, watu maskini waliokwenda kutafuta riziki ya watoto wao. Sina neno la kuwalaumu.

Wamekuwapo pia abiria wa namna nyingine. Mwezi Februari 2008, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, David Miliband, alikiri mbele ya Bunge kwamba mwaka 2002 ndege mbili za Marekani, kila moja ikiwa na mfungwa mmoja aliyekuwa akihamishwa kwa siri, zilitua Diego Garcia kuongeza mafuta. Kabla ya hapo Bunge lilikuwa limehakikishiwa kuwa jambo hilo halikutokea.

Basi, ndugu zangu, askari yumo katika orodha. Mpishi yumo. Hata mfungwa asiye na jina amewahi kupitishwa hapo. Je, wenyeji wa kisiwa wako wapi?

Wenyeji walikuwapo. Tangu mwisho wa karne ya 18 Wafaransa walipeleka huko watumwa, wengi wao kutoka Msumbiji na Madagaska, wakawalimishe minazi. Waliotoka Msumbiji walikuwa damu moja na watu wa pwani yetu. Utumwa ulipokomeshwa huko mwaka 1835, watu wale walibaki. Walivuna nazi, wakakausha mbata, wakavua samaki, wakazungumza Krioli yao, wakajenga makanisa, wakabatiza watoto na kuzika wazee. Wengi wao walikuwa Wakatoliki kama sisi. Vizazi vilipita, na makaburi yakawa mengi.

Mwezi Novemba 1965 Uingereza ilikitenga Chagos na Morisi, nchi ambayo wengi huiita Mauritius, kabla ya kuipa uhuru mwaka 1968. Tarehe 30 Desemba 1966 Uingereza na Marekani zilibadilishana barua za mapatano ya miaka 50. Kwa siri, Marekani iliisamehe Uingereza dola milioni 14 katika gharama za makombora ya Polaris. Bunge la Marekani halikuambiwa. Ili dunia isiulize maswali, wenyeji waliandikwa kuwa ni vibarua wa mkataba tu, watu wa kuja na kuondoka. Ofisa mmoja wa Uingereza aliandika juu yao kwa dhihaka, akiwafananisha na Tarzan.

Kuondolewa kwao kulianza kimyakimya. Mwaka 1968 familia ya Bancoult ya kisiwa cha Peros Banhos ilimpeleka binti yao mdogo Morisi kwa matibabu. Mtoto alifariki. Wazazi walipotaka kurudi nyumbani waliambiwa kwamba kisiwa chao kimeuzwa. Fikirini: mzazi ametoka kuzika mtoto, anauliza meli ya kurudi kwake, anajibiwa kwamba kwake hakupo tena.

Mwaka 1971 Diego Garcia ilihamishwa watu wote. Mbwa wao walikusanywa katika banda la kukaushia mbata wakauawa kwa moshi wa magari. Watu walipakiwa katika meli ya mizigo, Nordvær, wakibanana pamoja na vitu vichache walivyoruhusiwa kuchukua. Kufikia mwaka 1973 visiwa vyote vilikuwa vitupu. Watu kati ya 1,500 na 2,000 walijikuta Morisi na Shelisheli bila shamba, bila kazi na bila nyumba, na wengi wao wakaishia katika vibanda vya Port Louis.

TUAMUE

Huenda mmoja wenu akasema: “Padre, nchi ina haki ya kujilinda, na kambi ya jeshi haiwezi kujengwa katikati ya watu.” Hoja hiyo ina uzito, na lazima tuijibu kwa haki. Lakini Peros Banhos na Salomon ziko zaidi ya kilomita 200 kutoka njia ile ya ndege. Huko hapakujengwa kambi, na watu waliondolewa vilevile. Kwa hiyo usalama peke yake hautoshi kueleza jambo hili. Walioondolewa walikuwa wachache, maskini, weusi, wasio na mtu wa kuwasemea. Kuwahamisha kulionekana kuwa rahisi kuliko kuwauliza.

Tazameni mfano mwingine wa miaka ileile. Uingereza ilifikiria pia kujenga kiwanja cha ndege za kijeshi katika kisiwa cha Aldabra, kilicho karibu zaidi na pwani yetu. Wataalamu wa viumbe walipiga kelele kwa ajili ya kobe wakubwa na ndege wa porini waliopo huko, na mwaka 1967 mpango ukaachwa. Nafurahi kwamba kobe walipata watetezi, kwa maana nao ni viumbe vya Mungu. Nahuzunika tu kwamba watu wa Diego Garcia hawakupata watetezi kama hao.

Habari ya shamba la mizabibu la Nabothi mnaifahamu. Mfalme alilitaka kwa sababu lilikuwa karibu na jumba lake. Angalieni jinsi lilivyochukuliwa: ziliandikwa barua, ukapigwa muhuri wa mfalme, wakatafutwa mashahidi. Dhambi ile ilivaa nguo za sheria. Ndivyo ilivyokuwa Chagos. Aliyeandika orodha hakumpiga mtu. Rubani aliyerusha ndege hakumfukuza mtu. Kila mmoja alifanya sehemu yake ndogo, na watu wakapotezewa nchi. Mtu anaweza kutenda udhalimu mkubwa akiwa ameketi mezani, kwa kuacha tu kuandika jina.

Fidia nayo ilikuja namna gani? Mwaka 1982 Uingereza ilitoa paundi milioni 4. Wengi waliopokea waliweka dole gumba katika karatasi zilizoandikwa kwa Kiingereza, lugha wasiyoisoma, na baadaye wakaambiwa kwamba kwa alama ile wameacha madai yao ya kurudi. Nisikiapo hayo namkumbuka mzee mmoja katika parokia niliyohudumu zamani. Alikuja na karatasi mkononi, akaniambia: “Baba, nisomee hii.” Nikaisoma. Ilihusu shamba lake. Nilipomaliza akanyamaza kwa muda, kisha akasema: “Basi nimekwisha weka dole.” Sikuwa na la kumjibu. Alikuja kwangu siku moja baada ya siku iliyofaa, na hadi leo najiuliza kwa nini hakuona kwamba parokia ni mahali pa kuja kabla.

Watu wa Chagos hawakukata tamaa. Mtoto wa familia ile ya Peros Banhos, Louis Olivier Bancoult, alikua akawa fundi umeme, akaishtaki serikali ya Uingereza mjini London. Mwezi Novemba 2000 Mahakama Kuu ilimpa haki. Mwaka 2004 serikali ilifunga tena mlango kwa amri isiyopita Bungeni, na mwaka 2008 jopo la juu la majaji liliikubalia serikali, majaji watatu dhidi ya wawili. Kati ya hayo, mwaka 2006, wenyeji wapatao mia moja walipelekwa kwa meli kuzuru makaburi. Walisafisha makaburi, wakaweka maua, wakasali, kisha wakaondolewa. Hata ziara zilizopangwa baadaye zilikuwa za siku chache. Walikwenda kwao kama wageni.

Tarehe 25 Februari 2019, Mahakama ya Kimataifa ya The Hague ilitoa maoni, majaji 13 dhidi ya mmoja, kwamba kukitenga Chagos na Morisi hakukuwa halali. Mwezi Mei mwaka huohuo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliunga mkono kwa kura 116 dhidi ya 6. Mwezi Septemba, Baba Mtakatifu Fransisko, akiwa ndani ya ndege akirudi kutoka Msumbiji, Madagaska na Morisi, aliwaambia waandishi wa habari kwamba maamuzi ya vyombo vya kimataifa yapasa kuheshimiwa. Mwaka 2023 aliwapokea wawakilishi wa Wachagos kule Vatikani.

Tarehe 22 Mei 2025 Uingereza na Morisi zilitia sahihi mkataba: enzi juu ya visiwa irudi Morisi, na kituo cha Diego Garcia kiendelee kwa ukodishaji wa miaka 99. Mkataba huo unairuhusu Morisi kuwarudisha watu katika visiwa vingine, isipokuwa Diego Garcia. Wachagos wenyewe hawakuwa na sauti moja. Baadhi waliushangilia. Wengine walisema kwamba kwa mara nyingine wakubwa wameketi wakapatana juu yao bila wao. Asubuhi ya siku ile ya sahihi, wanawake wawili waliozaliwa Diego Garcia walikuwa mahakamani kuuzuia mkataba. Mahakama iliusimamisha kwa saa chache, kisha ikauruhusu. Sitaamua hapa ni upande upi wenye busara zaidi. Nasema tu kwamba mtu anayegawiwa nchi yake na wengine, hata akigawiwa kwa ukarimu, bado hajaulizwa.

TUTENDE

Sisi hatuna kura mjini London wala Washington. Lakini orodha tunaziandika kila siku: orodha za vikao, za misaada, za viwanja, za watakaolipwa fidia barabara inapopita. Kwa hiyo nawaachia mambo matatu.

Kwanza, tunzeni vitabu. Daftari la ubatizo, la ndoa na la mazishi ni ushahidi kwamba watu fulani wamezaliwa na kuzikwa mahali fulani. Wanaosema “hapa hapakuwa na watu” huchukia daftari lililoandikwa vizuri. Katekista asidharau kalamu yake.

Pili, pasiwe na mtu katika jumuiya yenu anayeweka dole gumba katika karatasi ambayo hajasomewa kwa lugha anayoielewa. Mtangazieni kila mjane na kila mzee: njoo na karatasi kabla, usije baada. Na mambo ya ardhi ya kijiji yasemwe waziwazi mbele ya mkutano wa kijiji, wala yasimalizwe chumbani.

Tatu, kila mradi unapoletwa, hata ulio mwema kama shule, zahanati au hifadhi ya wanyama, ulizeni: ni nani ambaye jina lake halimo? Anayekosekana hawezi kuinua mkono kikaoni. Ni wajibu wenu kuinua mkono kwa ajili yake.

Mkirudi katika jumuiya zenu, zungumzeni juu ya maswali haya: Je, katika mtaa wetu kuna familia iliyohamishwa bila kuulizwa? Je, sisi wenyewe tuliwahi kunufaika na nafasi ya mtu aliyeondolewa? Je, ni nani aliyekuja kwetu na karatasi, nasi tukamwambia arudi kesho?

Wazee wa pwani husema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Hata aende wapi, mtu huwa na mahali pa kurejea. Watu wa Chagos wamekuwa wakiomba hilo tu kwa zaidi ya miaka 50, huku ndege zikitua na kuruka juu ya makaburi ya wazee wao. Tuwaombee. Na tuhakikishe kwamba hakuna anayeomba hivyohivyo katika kigango chetu, nasi tukiwa hatumsikii.