Kukopa Harusi, Kulipa Matanga



Wazee wetu walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Leo tunataka kuipima methali hiyo kwa mambo yaliyowapata jirani zetu wa Zambia.

Mwaka 2005 na 2006 Zambia ilisamehewa sehemu kubwa ya madeni yake ya nje. Nchi ikapumua. Bei ya shaba ilikuwa nzuri, na wakopeshaji wakaanza kubisha hodi. Mwaka 2012 Serikali ikauza hati za mkopo ng'ambo, ikapata dola milioni 750 kwa riba ya asilimia 5.375. Mwaka 2014 ikakopa dola bilioni 1 kwa asilimia 8.5. Mwaka 2015 ikakopa tena bilioni 1.25, na riba ikakaribia asilimia 9. Angalieni, ndugu: kila mkopo ulikuwa mkubwa na ghali kuliko uliotangulia.

Mwaka ule ule wa 2015 bei ya shaba ikaanguka, na kwacha ikaanguka nayo. Mfanyakazi wa Zambia hulipa kodi kwa kwacha, lakini deni ni la dola. Kwacha ikishuka, deni hupanda hata kama hamkukopa senti nyingine. Novemba 2020 Zambia ikashindwa kulipa riba ya dola milioni 42.5.

Je, tusikope kabisa? Hatusemi hivyo. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 toka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, ilijengwa mwaka 1970 hadi 1975 kwa mkopo wa China usio na riba. Walowezi wa Rhodesia walipofunga mpaka mwaka 1973, Zambia ilihitaji sana njia nyingine ya kufikisha shaba yake baharini, na reli hiyo ikawa njia. Lakini hata reli hiyo ilidhoofika baadaye kwa kukosa matengenezo.

Basi kila mkopo unapoletwa, sisi wananchi tuulize: Utajenga kitu gani? Kitu hicho kitaleta fedha za kigeni za kuulipia? Riba yake ni kiasi gani, na nani atakitunza? Maana fedha inayokwenda kwenye riba hainunui dawa, wala haimlipi mwalimu mshahara.

Na tuulize kabla sahihi haijatiwa. Ikishatiwa, kazi iliyobaki ni kulipa, na watakaolipa ni watoto wetu.