Mti Mkubwa wa Uani Kabla ya Dhoruba: Nasaha kwa Wenye Nyumba wa Pwani

Mada iliyotolewa kwa wakazi wa pwani ya kusini katika mkutano wa elimu kwa watumiaji wa huduma



Tumekuja kuzungumza juu ya mali ambayo aghalabu hatuihesabu tunapotaja mali za nyumbani: mwembe unaotia kivuli barazani, mnazi ulio nyuma ya jiko, mkungu wa mlangoni ambao chini yake hutandikwa mkeka jioni. Miti hii imekua kwa miaka 30, 40 au 50. Ikiangushwa leo, aliyeiangusha hatauona mwingine wa kimo hicho katika umri wake. Nayo isipotunzwa, yaweza kuangukia paa ambalo watoto wamelala chini yake. Mwenye nyumba yuko baina ya hasara hizo mbili, na mara nyingi huamua kwa haraka na kwa hofu.

Pwani yetu haipigwi na vimbunga kila mwaka, na kwa sababu hiyo twasahau. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja na kuangamiza sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa. Miaka 80 baadaye, Aprili 1952, kingine kilifika Lindi. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilitua kaskazini mwa Msumbiji, jirani na Mtwara, na tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kikafika Mafia. Itazameni miezi hiyo: ni Aprili na Mei, ndani ya masika. Udongo umelowa, na mizizi haina mshiko wa kawaida. Upepo ambao mwezi wa Agosti ungepukutisha majani tu, mwezi wa Aprili waweza kuung'oa mti mzima.

Kosa la kukata kichwa

Tuanze na kosa letu wenyewe. Uani mwa ofisi yetu palikuwa na mwarobaini mkubwa. Tulipoona umerefuka kupita paa, tukamwita mkataji, naye akaukata kichwa chote, vikabaki visiki vya matawi vinavyoelekea juu. Tulijiona tumejikinga. Mwaka uliofuata mti ulichipua kwa wingi, na baada ya miaka mitatu ulikuwa umerudia kimo chake. Kisha, siku ya upepo wa kawaida wa kusi, tawi moja nene lilichomoka na kuangukia kibanda cha mlinzi. Kwa bahati mlinzi alikuwa ametoka kuteka maji.

Tulipochunguza tulielewa. Tawi la asili huota pamoja na shina, na nyuzi zake hufumana na za shina mwaka baada ya mwaka. Chipukizi linaloota kando ya kisiki halina mizizi ya ndani namna hiyo. Limeshikwa na tabaka la juu tu. Wakati huohuo, kisiki chenyewe huoza kutoka ndani. Basi mti uliokatwa kichwa huonekana salama kwa muda mfupi, kisha huwa wa hatari kuliko ulivyokuwa. Tulilipia huduma iliyotuongezea hatari. Hilo ndilo tunalotaka mwondoke nalo leo: kabla ya kumlipa mtu akate, jueni nini kinapaswa kukatwa.

Kuukagua mti wenu

Ukaguzi hauhitaji fedha. Uzungukeni mti polepole wakati wa kiangazi na kutazama mambo haya. Je, kuna uyoga unaoota chini ya shina? Hiyo ni dalili ya uozo wa mizizi. Je, udongo umeinuka au kupasuka upande mmoja, na mti umeanza kuinama hivi karibuni? Hiyo ni dalili nzito kuliko zote, na hapo msisubiri. Mti ulioota ukiwa umeinama tangu udogo si lazima uwe wa hatari; unaoinama ghafla ndio wa kuogopwa. Je, shina limegawanyika kuwa mashina mawili ya unene mmoja, na gamba limebanwa katikati yao? Hapo ndipo mti hupasuka. Je, kuna matawi makavu juu ya paa, juu ya njia au juu ya waya?

Tazameni pia mlivyoutendea mti. Mizizi mingi haiko chini sana. Hutambaa karibu na uso wa ardhi na kwenda mbali kuliko kivuli cha matawi. Aliyechimba mtaro wa bomba au msingi wa ukuta karibu na shina, akakata mizizi ya upande mmoja, ameukata mti mguu. Aliyemwaga zege hadi shinani ameuziba pumzi. Wengi huulaumu upepo kwa kazi iliyoanzwa na sururu.

Kupogoa kwa kipimo

Kupogoa kwema huanza na matawi makavu, yaliyopasuka na yanayosuguana. Kwa mti mzima, msiondoe zaidi ya robo ya majani kwa mara moja. Msikubali pia matawi ya ndani yafagiliwe yote, majani yakabaki nchani tu. Tawi la namna hiyo hupepea kama mjeledi na huvunjika mapema.

Tawi nene likatwe kwa mikato mitatu. Wa kwanza uanzie chini, mbali kidogo na shina, ufike theluthi ya unene. Wa pili uwe juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, tawi lianguke bila kuchuna gamba. Wa tatu uondoe kipande kilichobaki, nje kidogo ya uvimbe ulio pale tawi linapoungana na shina. Uvimbe huo ndio unaofunga jeraha. Ukikatwa, mti hauponi vizuri. Jeraha halihitaji rangi, lami wala saruji. Kwa mwembe, wakati mzuri ni baada ya mavuno na kabla ya masika.

Mnazi una kanuni zake. Una kilele kimoja tu, na ukikatwa kilele hufa. Ondoeni makuti makavu na nazi zilizokomaa kabla ya msimu wa upepo, maana hizo ndizo zirukazo. Makuti mabichi yaacheni. Tena, vidato vinavyochongwa shinani kwa ajili ya kupandia haviponi kamwe, kwa kuwa shina la mnazi haliwezi kufunika jeraha kwa gamba jipya. Mwombeni mkwezi atumie kamba au ngazi.

Mapatano na mkataji

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Lakini msimwite kila mwenye panga aje kuuziba. Yako mambo matano ya kukubaliana kabla ya kazi.

Kwanza, matawi yapi yatakatwa. Yawekeeni alama mkiwa pamoja naye, na mpige picha.

Pili, bei ya kazi yote, pamoja na kuondoa matawi. Msilipe yote mwanzoni. Sehemu kubwa ibaki hadi kazi ikamilike, nanyi mdai risiti.

Tatu, nani atalipa bati, ukuta au mali ya jirani ikivunjika, na nani atamhudumia msaidizi akiumia.

Nne, kuni na mbao ni za nani. Hili hudharauliwa, nalo ni kubwa. Mtu anayeuza kuni au mkaa ana faida mti ukiangushwa wote. Anaweza kuwa mwaminifu, lakini anayeamua kama mti unapaswa kuanguka asiwe ndiye mnunuzi wake. Kwa uamuzi huo, muulizeni afisa misitu wa halmashauri au afisa kilimo, na ulizeni ofisi ya mtaa kama kibali kinahitajika.

Tano, jina, simu na nakala ya kitambulisho chake, mbele ya shahidi. Karatasi moja ya daftari iliyotiwa sahihi na pande zote mbili hutosha. Malalamiko yasiyo na maandishi ni magumu sana kuyasaidia.

Mti ulio karibu na waya wa umeme msiuguse, wala msimruhusu mkataji auguse. Toeni taarifa TANESCO. Mti wa jirani unaoelemea kwenu uzungumzwe mapema, kwa upole, na ikibidi mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

Baada ya upepo

Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa tahadhari, muda wa kupogoa umekwisha. Msimpandishe mtu mtini. Hamisheni vyombo, magari na vitanda vilivyo chini ya matawi mazito.

Upepo ukiisha, kaeni mbali na waya zilizoanguka. Kisha subirini. Hapo ndipo hupita watu wenye misumeno, wakisema kila mti uliobaki utaanguka usiku huo, na bei yao hupanda kwa kadiri ya hofu yenu. Mti ulioinama kuelekea nyumba na kunyanyua udongo ni wa dharura, uondoeni. Lakini mwembe uliopukutika majani yote haujafa. Upeni miezi kadhaa, nao utachipua.

Ndugu zetu, hatukuja kuwaambia kila mti ubaki. Mwingine umeoza na hauna budi kuondoka, na kuuondoa kwa wakati ni kuokoa maisha. Tunachowaomba ni uamuzi huo ufanyike wakati wa kiangazi, mchana, baada ya kuukagua mti na kuandikiana. Mkiona mmedhulumiwa, njooni na karatasi yenu; milango yetu iko wazi.