Elimu ya Juu ya Kilimo: Je, Ni Faida Yetu au ya Watu Wengine?

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Maungu



Mtakumbuka kwamba Kamati ilipokea ombi la kuwasaidia vijana wetu waliokwisha kupata shahada ya kwanza ya kilimo, nao sasa wataka kuendelea na masomo ya uzamili na uzamivu, ili wapate kazi katika mashirika yanayoshughulika na kilimo cha nchi nyingi. Ombi liliposomwa, mzee mmoja aliuliza swali ambalo halikupata jibu siku ile. Alisema, "Je, tutoe senti za chama kumsomesha mtoto wa Maungu, kisha aende akawalimie watu wa Msumbiji na Sudani, na sisi huku jua na ndovu vikitumaliza?"

Swali hilo ni la haki, na mwenye kuliuliza hakuuliza kwa choyo. Fedha za chama hutoka kwa watu wanaouza mbuzi, mkaa na pojo. Basi nimeombwa nilichunguze jambo hili na kuwaeleza niliyoyapata, ili mtakapopiga kura mpige kwa kujua.

Kwanza yafaa tuelewe masomo hayo ni ya namna gani. Bwana shamba tunayemjua sisi hufundishwa mambo yaliyokwisha kuthibitishwa, kisha huja kutuonyesha: panda mbegu hii, acha nafasi hii, nyunyiza dawa hii. Lakini yule anayesomea shahada ya pili na ya tatu hufundishwa kutafuta yale yasiyojulikana bado. Hupewa swali moja, naye hulikalia miaka miwili, mitatu, au zaidi, akipima na kuandika, mpaka apate jibu ambalo wenzake wa nchi nyingine waweza kulijaribu. Kazi yenyewe haiko mbali nasi. Pale Nairobi kiko kituo cha uchunguzi wa wadudu, ICIPE, kilichoanzishwa mwaka 1970 na Mwafrika mwenzetu, Profesa Thomas Odhiambo. Pia kipo kituo cha uchunguzi wa miti ya mashambani, kilichoanza mwaka 1978. Watumishi wa vituo hivi hutoka pande zote za dunia, na wakitumwa nchi hii au ile huenda.

Sasa, kwa nini kilimo kihitaji watu wa nchi nyingi? Jibu liko katika maghala yetu wenyewe. Wazee wanamjua dumuzi, yule mbawakawa mdogo anayegeuza mahindi kuwa unga kabla hayajafika kwenye kinu. Mdudu huyu si wa hapa. Kwao ni Amerika ya Kati. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alitambuliwa Tabora, nchini Tanzania, na inadhaniwa alifika pamoja na nafaka iliyoletwa kutoka ng'ambo. Mwaka 1983 alionekana Taveta, yaani katika kaunti yetu hii, naye akaingia Kenya kwa mlango huo. Huko Tanzania ilipimwa ikaonekana kwamba aweza kumaliza karibu theluthi ya uzito wa mahindi ghalani katika miezi michache tu. Muhogo mkavu nao hausalimiki.

Dumuzi hakuonyesha pasi mpakani. Wala haikuwezekana kumshinda kwa maarifa ya Taveta peke yake, kwa kuwa Taveta hakuwa na adui. Ilibidi wataalamu wamfuate mpaka kwao Amerika, wakamtafute mdudu anayemla. Walimpata, wakamchunguza wasije wakaleta balaa jingine juu ya lile la kwanza, na mwaka 1992 akaachiliwa hapa Kenya. Mdudu huyo hakummaliza dumuzi, maana hata leo hatuna budi kukausha nafaka vizuri na kuihifadhi katika chombo kisichopitisha hewa. Lakini alikuwa msaada. Basi mtu aliyekwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya Mexico alikuwa, bila sisi kumjua, anafanya kazi katika ghala la Taveta.

Hata hivyo, haifai niseme mazuri tu. Elimu ya juu isiyomjua mkulima yaweza kuleta hasara kubwa kuliko ujinga. Katika siku za ukoloni, ofisa wa kilimo aliyetumwa Afrika Mashariki mara nyingi alisoma mwaka mmoja Cambridge, kisha mwaka mmoja katika chuo cha kilimo cha nchi za joto kule Trinidad. Walikuwa watu wenye elimu bora, na wako waliofanya kazi njema. Walakini tazameni yaliyotokea Tanganyika. Mwaka 1946 tume ya wataalamu, ikiongozwa na mtu aliyewahi kuwa mkuu wa idara ya kilimo ya nchi ile ile, ilizunguka kwa wiki chache, kwa sehemu kubwa ikiwa ndani ya ndege, ikatoa shauri kwamba ekari zaidi ya milioni 3 zilimwe karanga. Wakaanza Kongwa, katika nchi ya Wagogo.

Wagogo wamekaa na ukame tangu enzi za mababu. Wanajua mvua ya kwao ni ya namna gani, na mifugo na mtama wao vilikuwa ushahidi tosha. Trekta zikaletwa kwa meli, zikavunjika kwenye mibuyu na visiki. Udongo wakati wa jua ukawa mgumu kama saruji, hata karanga zikashindwa kung'olewa. Mvua hazikufika kiasi kilichoandikwa katika karatasi. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na pauni zipatazo milioni 36 za Waingereza zimekwisha kupotea. Kilichokosekana si shahada. Kilichokosekana ni msimu mmoja au miwili ya kukaa chini pamoja na mwenye shamba na kumsikiliza.

Sisi wa Maungu twaweza kulielewa jambo hilo upesi. Mgeni akipita barabara kuu ya Mombasa na kuona ardhi hii tambarare, huuliza kwa nini hailimwi yote. Hajui kwamba mvua tunayoitegemea zaidi ni ya vuli, si ya masika. Hajui kwamba mahindi yakifika kifuani ndipo ndovu wa Tsavo hutoka usiku. Wala hajui kwamba wafugaji na wakulima hapa huhesabu maji kwa mitungi. Mambo hayo hayasomwi katika maktaba ya mji wo wote.

Sasa nitawaletea mfano wa upande wa pili, nao uko karibu nasi, kule Sagalla. Bibi Lucy King alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu wa Chuo Kikuu cha Oxford. Swali lake lilitokana na jambo ambalo wenyeji wa nchi hii walikuwa wakilisema zamani, kwamba ndovu, pamoja na ukubwa wake, humwogopa nyuki. Alilipima jambo hilo kwa miaka. Kisha akatengeneza ua wa mizinga: mizinga hutundikwa kuzunguka shamba, kila mmoja umeunganishwa na mwenzake kwa waya, na ndovu akiusukuma waya mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Majaribio ya kwanza ya ua huo yalifanywa Laikipia, na tangu mwaka 2009 kazi hiyo ikaendelea Sagalla katika mashamba ya watu wa kawaida.

Angalieni tofauti yake na Kongwa. Mwanafunzi alianza na neno la mwenyeji. Akalijaribu katika shamba la mwenyeji. Mwenye shamba akabaki na asali yake. Baada ya miaka mingi ya kuhesabu, ilitangazwa kwamba katika misimu ya mazao mengi, ndovu waliozuiwa na ua huo walifika hata asilimia 86 ya waliokaribia. Tena hawakuficha upungufu wake: ukame mkali ukija, nyuki huhama na mizinga hubaki mitupu. Leo ua wa namna hiyo unajengwa katika nchi nyingi za Afrika na Asia. Kwa hiyo maarifa yaliyokuzwa Sagalla yamekwenda kumlinda mkulima wa mbali. Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja, mwenyeji akapona kiasi, na majirani wa mbali nao wakapata dawa.

Narudi kwenye swali la mzee: kijana akienda, atatufaa nini? Nitatoa mfano wa Profesa Gebisa Ejeta wa Ethiopia. Alizaliwa mwaka 1950 katika kijiji cha Wollonkomi. Mama yake aliazimu kwamba mtoto huyu lazima asome, naye alikuwa akitembea kilomita 20 kwenda kwenye mji wenye shule. Alisoma shule ya kilimo ya Jimma, kisha chuo cha Alemaya, na mwaka 1978 akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani. Hakurudi Wollonkomi moja kwa moja. Alikwenda Sudani, na huko mwaka 1983 ikatolewa mbegu yake ya mtama chotara unaostahimili ukame. Baadaye akashughulika na kiduha, lile gugu lenye maua ya kupendeza linalonyonya mizizi ya mtama na mahindi. Alipata mtama usioshindwa na gugu hilo, na mbegu zake zikapelekwa nchi kadhaa za Afrika, hata Ethiopia kwao. Mwaka 2009 akapewa Tuzo ya Chakula ya Dunia.

Kama wazee wa Wollonkomi wangalisema, "Asiende, atawalimia Wasudani," basi Sudani ingalikosa, na Ethiopia yenyewe ingalikosa pia. Mbegu njema ina tabia ya kurudi nyumbani kwa njia ya mzunguko.

Tena siku hizi si lazima kijana avuke bahari. Chuo cha Egerton, kilichoanzishwa Njoro mwaka 1939 kwa ajili ya vijana wa Kizungu, kimekuwa chuo kikuu cha watu wote tangu mwaka 1987. Kule Morogoro kiko Chuo Kikuu cha Sokoine, na Kampala kiko Makerere. Mwaka 2004 vyuo vikuu kumi viliunda umoja wao wa kufundisha wataalamu wa kilimo, RUFORUM, wenye makao Kampala, na sasa vimezidi mia moja. Kwa mpango wa namna hii Mkenya husoma Uganda na Mmalawi husoma Kenya, nao huzoeana na matatizo ya jirani wangali wanafunzi. Hapa kwetu napo, Chuo Kikuu cha Taita Taveta kilipata hati yake mwaka 2016.

Kwa kazi yangu ya ukarani nimewaandikia vijana wengi barua za maombi. Naona kwamba kinachowazuia mara nyingi si akili. Ni nauli ya kwenda kwenye usaili, ada ya kutuma maombi, na posho ya ile miezi ya kukaa mashambani kufanya uchunguzi. Chama hiki hakiwezi kumlipia mtu gharama zote za chuo kikuu, lakini haya madogo chaweza.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naleta mapendekezo manne. La kwanza, chama kitenge sehemu ya mfuko wa elimu kwa nauli, ada za maombi na posho ya uchunguzi, na wasichana wahesabiwe sawasawa na wavulana. La pili, kila atakayesaidiwa akae msimu mmoja wa mvua na wakulima wa Maungu, Sagalla au Kasigau, ashike jembe na alinde ndovu usiku pamoja nao, kabla hajaenda kuwashauri watu wa nchi nyingine. La tatu, swali lake la uchunguzi, chuo kikikubali, lihusu nchi kavu kama yetu. La nne, akimaliza, aje mbele ya baraza hili atueleze alichokipata kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, hata kama atakuwa ameajiriwa mbali.

Sharti hilo la nne tuwawekee pia wageni. Alikuja mtafiti mmoja hapa miaka iliyopita, akatuuliza maswali kuanzia asubuhi hadi jioni, siku nyingi. Akina mama waliacha kuchota maji ili wamjibu. Mpaka leo hatujaona hata ukurasa mmoja. Mtoto wetu naye asije akawatendea hivyo watu wa Msumbiji.

Wazee wangu, hofu ya kwamba atakayekwenda hatarudi siwezi kuiondoa yote, maana wako waliokwenda na hawakurudi. Lakini kijana aliyeketi nyumbani na shahada yake sandukuni naye hajaturudishia kitu. Afadhali tumtume kwa masharti tunayoyajua, akiwa na vumbi la Maungu miguuni, kuliko kumwacha aende kwa bahati yake na kutusahau bila deni.

Naomba mkutano uyafikirie mapendekezo haya na kuyapigia kura.