Kabla Meza Haijaandaliwa

Mazungumzo ya redioni kwa vijana wa vyuo na wazazi wao. Somo: Danieli 1:3-20

Popote ulipo asubuhi hii, jikoni kule Kimilili ukipuliza moto, shambani Kiminini ukivunja mahindi, au katika chumba cha wanafunzi mjini Kitale au Bungoma, karibu tuwe pamoja kwa dakika hizi chache. Kama una Biblia karibu nawe, fungua kitabu cha Danieli, mlango wa kwanza.

Nataka kuanza kwa kukiri kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita, Jumapili moja ya mwezi wa Septemba, kanisa letu lililo kando ya barabara ya Webuye kwenda Kitale liliwaombea vijana waliokuwa wakienda vyuoni. Tuliwaita mbele, tukawawekea mikono, na akina mama wakaimba. Baada ya ibada kijana mmoja alinifuata nje, chini ya mti. Akaniambia, "Mchungaji, nina swali. Walionitangulia chuoni wanasema kila mtu hunywa kidogo. Je, nikinywa kidogo bila kulewa, nimetenda dhambi?"

Ndugu zangu, hilo lilikuwa swali la kweli, naye aliliuliza kwa heshima. Mimi nikamjibu kwa ukali: "Kijana, maombi hayajapoa hata kichwani mwako, nawe unauliza habari za pombe?" Akainamisha kichwa. Akasema, "Nisamehe, Mchungaji," akaenda zake. Sikumjibu. Nilimfukuza.

Muhula wa kwanza hakunywa. Muhula wa pili mkopo wake wa masomo ulipoingia, wenzake wakamwambia, "Leo wewe ndiwe tajiri, tupeleke." Akawapeleka. Usiku ule akanywa chupa moja, akarudi hostelini kwa miguu yake mwenyewe, akaona kwamba hakuna lililoharibika. Mwisho wa mwaka alikuwa akinywa kila siku apatapo fedha, na siku asiyozipata alikopa. Nyumbani baba yake aliuza magunia ya mahindi, kisha akamwuza ng'ombe wa maziwa, akidhani analipa karo. Mwaka wa pili ikaja barua: mwanafunzi huyu hakufanya mitihani.

Mama yake ndiye aliyeniletea barua ile nimsomee, kwa maana miwani yake ilikuwa imevunjika. Nilipomaliza kusoma, hakulia. Aliniuliza neno moja tu: "Mchungaji, mwanangu hakukuuliza kitu kabla hajaenda?"

Msikilizaji, tangu siku ile nimekuwa na deni. Leo nataka kulijibu swali la kijana yule, ingawa nimechelewa.

Kwanza, tuseme kweli. Tusiwaambie vijana wetu kwamba Biblia imesema neno ambalo haikulisema, maana wanasoma wenyewe, na wakitukamata na uongo mmoja hawatatusikiliza tena. Bwana Yesu alikwenda arusini Kana, na maji yakawa divai. Paulo alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa sababu ya tumbo lake. Hayo yameandikwa. Lakini yameandikwa pia habari za Nuhu aliyelala uchi hemani mwake, na za mlevi wa Mithali 23 mwenye jeraha asizojua zimetoka wapi, ambaye akiamka hutafuta pombe tena. Na katika Waefeso 5 ulevi umekatazwa waziwazi. Juu ya ulevi hakuna mjadala.

Juu ya kunywa kidogo, Wakristo hawakuwa na neno moja siku zote. Marafiki, ambao wamisionari wao walifika Kaimosi mwaka 1902, waliwataka waumini waache pombe kabisa. Askari wa Jeshi la Wokovu huahidi kutokunywa. Makanisa mengine humwachia mtu dhamiri yake. Sikuja redioni kuwagombanisha ndugu. Kama kijana yule angeniuliza leo, nisingemwambia kwamba tone moja litamtupa jehanamu. Ningemwambia hivi: "Mwanangu, usinywe kabisa muda wote uwapo chuoni. Keti hapa nikupe sababu."

Sasa tumtazame Danieli. Wengi humkumbuka katika tundu la simba. Lakini katika mlango wa kwanza Danieli ni mwanafunzi wa chuo. Ni kijana aliye mbali na kwao. Amepewa kozi ya miaka mitatu, ajifunze lugha na elimu ya Wakaldayo. Chakula na divai vinatoka meza ya mfalme, wala hatoi hata senti. Amepewa hata jina jipya. Baba na mama hawamwoni. Angekunywa, nani Yerusalemu angejua?

Danieli alikata shauri moyoni. Angalieni, hakungoja mpaka kikombe kiwe mkononi ndipo aanze kufikiri. Mtu anayengoja kufikiri wakati kikombe kimekwisha kujaa, na wenzake wanamtazama na kucheka, huyo amechelewa. Shauri linakatwa kabla meza haijaandaliwa. Najua Danieli alikataa na chakula pia, kwa kuwa hakutaka kutiwa unajisi. Shabaha yake ilikuwa kumwonyesha Mungu kwamba, hata chuoni, yeye ni wake.

Na mtazame jinsi alivyokataa. Hakumtukana mkubwa wa matowashi, wala hakuwahubiria wenzake mezani. Aliomba kwa adabu. Akataka ajaribiwe siku kumi, apewe mtama na maji. Tena hakuwa peke yake. Walikuwapo Hanania, Mishaeli na Azaria. Mwisho wa masomo mfalme alipowatahini, aliwaona wamewapita mara kumi waganga na wachawi wote wa ufalme wake.

Pengine kijana wa Bungoma atasema, "Mchungaji, pombe si kitu kigeni kwetu. Babu zetu walikunywa busaa." Ni kweli. Wazee walikaa kuzunguka chungu kimoja na mirija yao mirefu. Lakini waulize wazee wenyewe desturi ile ilikuwaje. Kilikuwa chungu cha wazee, na chungu kilikuwa na sababu: mahari, tohara, matanga, au kazi ya shamba iliyokwisha. Mzee alikunywa mbele ya ndugu zake waliomjua, na akizidisha maneno alinyamazishwa. Sasa linganisha na mwanafunzi wa miaka kumi na tisa, usiku, kati ya watu aliowajua juzi, akinunua kwa fedha ya mkopo atakayoilipa akiwa mtu mzima. Hiyo si desturi ya babu. Ameuchukua ulevi wa babu na kuuacha uzio wake.

Wala asitumaini kwamba sheria itamzuia. Sheria ya vileo ya mwaka 2010 inakataza kumwuzia pombe mtu aliye chini ya miaka 18, na inataka baa iwe mita 300 au zaidi kutoka shule za watoto wa umri huo. Lakini mwanafunzi wa chuo amekwisha kuvuka 18. Mita zile hazikupimwa kwa ajili yake. Baa yaweza kuwa ng'ambo ya lango la chuo chake. Yeye hana uzio ila ule aliojenga moyoni, kama Danieli.

Sababu ya pili ni mwili. Madaktari wanasema ubongo wa mtu huendelea kukomaa mpaka karibu miaka 25, na sehemu inayochelewa kukomaa ni ile inayotusaidia kupima jambo na kujizuia. Basi pombe huanza kupiga pale pale ambapo kijana bado anajengwa. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Na mwanafunzi aliyeishiwa fedha hatakaa kwenye chupa ya bei. Atashuka kwenye chang'aa, ambayo mnunuzi hajui imetiwa nini. Mwezi wa Novemba mwaka 2000, katika vitongoji vya maskini vya Nairobi, watu zaidi ya mia moja walikufa na wengine wakapofuka kwa pombe iliyotiwa methanoli. Februari mwaka 2024, huko Kirinyaga, watu zaidi ya kumi wakafa kwa pombe ya sumu. Methanoli haina rangi, na mnywaji hawezi kuitambua kwa macho.

Sababu ya tatu ndiyo iliyonishika zaidi mimi. Vijana wawili huketi meza moja, wakanywa chupa ya kwanza usiku mmoja. Mmoja ataweza kuacha wakati wowote. Mwingine hataweza, kitu ndani yake kimeshikwa. Je, nani kati yao anajua mapema kwamba yeye ndiye yule wa pili? Hakuna. Kijana wetu hakujua. Walioketi naye usiku ule, wengine wamemaliza masomo na wana kazi. Yeye ndiye aliyeshikwa.

Kwa hiyo hata kama wewe una nguvu, soma Warumi 14. Paulo anatufundisha kwamba ni vyema kuacha nyama na divai kama vinamwangusha ndugu. Ukikataa pombe mezani, humkatalii mtu furaha. Unamfungulia mlango yule dhaifu anayetafuta mwenzi mmoja tu wa kuagiza naye soda. Kama mkopo wa kijana yule ulipoingia angekuwapo rafiki mmoja wa kusema, "Mimi sinywi, twende tukale chapati," huenda ng'ombe wa baba yake angekuwa bado zizini.

Sasa, kijana wangu, nakupa mashauri matatu mafupi. Kwanza, kata shauri leo, kabla ya matatu kukufikisha chuoni. Mwambie Mungu, kisha umwambie mtu mmoja unayemheshimu. Pili, tafuta mapema wenzi wako watatu. Katika vyuo vingi yapo makundi ya wanafunzi Wakristo. Nenda juma la kwanza, usingoje kuanguka. Tatu, jifunze jibu fupi la adabu: "Asante, mimi sinywi." Huna haja ya kutoa hotuba. Atakayekucheka leo, kesho asubuhi atakuja kuazima daftari lako.

Wazazi, nanyi nina neno kwenu. Mzazi anayemtuma mtoto dukani kumletea pombe, kisha akamwandikia barua chuoni asinywe, amejijibu mwenyewe. Ongeeni na watoto wenu. Waambieni karo imetoka wapi. Katika nchi yetu ya mahindi, kila muhula ni magunia kadhaa yaliyopaliliwa, yakavunwa, yakapukuchuliwa na yakaanikwa na mikono ya mama. Mtoto anayejua hesabu hiyo anayo sababu moja zaidi.

Na sisi wachungaji na wazee wa kanisa, kijana akija na swali, tukae chini naye. Kijana anayeuliza bado hajaanguka. Anatafuta mkono wa kushika. Nafasi ile hupita upesi, kama mvua ya kwanza kwa mtu asiyelima.

Pengine ananisikiliza mwanafunzi ambaye amekwisha kuanza kunywa, tena mikono yake hutetemeka asubuhi. Mwanangu, Mungu hajakufunga mlango. Lakini usijaribu kuacha ghafula peke yako chumbani, maana kwa aliyezoea sana huweza kuwa hatari. Nenda hospitali, useme kweli, usaidiwe. Hiyo si aibu. Mwana mpotevu alipoanza safari ya kurudi, baba alimwona angali mbali.

Mtauliza yule kijana wetu yuko wapi. Yuko nyumbani. Amemaliza mwaka na miezi bila kunywa, na anafanya kazi ya ufundi huku akiweka akiba ili arudi kusoma. Baba yake hakuishi kuliona hilo. Nilikwenda kwake, nikamwomba msamaha. Akanyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mchungaji, usiniambie mimi. Waambie wanaoenda sasa." Basi nimewaambia, kwa ruhusa yake.

Na tuombe. Ee Mungu Baba, uliyekuwa pamoja na Danieli katika nchi ya kigeni, uwe pamoja na wana wetu na binti zetu walio vyuoni Kitale, Bungoma na kila mahali. Wape moyo uliokata shauri mapema, na rafiki wa kusimama nao. Walioshikwa, uwafungue. Wazazi wanaongoja barua, uwafariji. Na sisi tuliowafukuza kwa ukali, utusamehe, ukatufundishe kusikiliza. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.