KUIFUFUA KALAMU YA WINO YA ZAMANI

(Haya ni maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya walimu na makarani.)



Nimeombwa niseme nanyi habari za kalamu ya wino, hasa ile ya zamani iliyolala sandukuni miaka mingi, ambayo mwenyewe akiitazama husema, "Hii imekwisha kufa." Napenda kuwaonyesha kwamba kalamu nyingi za namna hiyo hazikufa. Zimezibwa na wino uliokauka, au mpira wake wa ndani umeharibika, na mambo hayo mawili mtu aweza kuyatengeneza mezani kwake. Lakini yanipasa kuwaonya pia, maana mara nyingi wanaoziua kalamu hizi ni sisi tunaotaka kuziponya.

Mimi ni mmoja wao. Baba yangu alikuwa mwalimu, na kwa kalamu yake moja aliandika majina ya watoto wote waliopita darasani mwake. Alipofariki nilipewa mimi. Nilitaka kuijaza wino siku ile ile, lakini wenzo mdogo ulio ubavuni ulikataa kuinuka. Nikauvuta kwa ukucha, ukakataa. Nikautia ncha ya kisu, ukakatika.

Nilimpelekea mzee mmoja fundi wa saa. Alipoifungua alinionyesha kibofu cha mpira kilichokuwa kigumu kama ganda la mti. "Wenzo ulikuwa ukikwambia kweli," alisema, "ila wewe hukusikia." Akatafuta wenzo mwingine katika kalamu mbovu ya namna ile ile, nami nikaketi karibu naye nikajifunza.

Kwanza yafaa tujue kalamu hufanyaje kazi. Mwaka 1884 Lewis Edson Waterman wa New York alipata hataza ya kalamu ambayo chini ya ncha yake pana kipande chembamba, tukiite ulimi, chenye mifereji midogo. Wino ukishuka, hewa hupanda kushika mahali pake. Njia hiyo ikizibwa, wino hautoki hata kalamu ikijaa tele. Kisha mwaka 1908 Walter Sheaffer, sonara wa Fort Madison huko Marekani, alipata hataza ya wenzo ubavuni. Ukiuinua, kibapa cha chuma hukibana kibofu cha mpira. Ukiuachia, kibofu hujitanua na kuvuta wino. Kalamu nyingi za zamani ni za namna hiyo.

Basi, ukiipata kalamu yako, gusa wenzo kwa upole. Usipokwenda, acha. Hapana budi kuifungua pale kishikio kinapoingia katika bomba. Vishikio vingi vimechomekwa tu, lakini vingine vina hesi, kwa hiyo ulizia kwanza aina ya kalamu yako. Pasha maungio hayo kwa mashine ya kukaushia nywele, yapate joto ambalo mkono waweza kulivumilia, kisha zungusha na kuvuta polepole. Usikaribishe moto wa mshumaa wala wa taa. Bomba nyingi za zamani ni za seluloidi, kitu kinachoshika moto upesi mno.

Ukiisha kuifungua, kwangua mabaki ya mpira. Ncha na ulimi uzioshe kwa maji baridi yenye tone la sabuni, ukibadilisha maji mpaka yatoke meupe. Maji ya moto huharibu rangi ya mpira mgumu mweusi, na spiriti huharibu seluloidi.

Kibofu kipya huuzwa kwa namba. Namba 16 maana yake ni sehemu 16 za inchi iliyogawanywa mara 64, yaani upana wa robo inchi. Kikate kisifike mwisho wa bomba, kikabanwa. Kibandike kwa shelaki, ile ambayo maseremala huipaka mbao ing'ae, kwa kuwa siku nyingine ukitaka kukitoa, shelaki hulainika kwa joto. Ngoja ikauke usiku kucha, upake kibofu unga wa talki, ndipo uirudishe kalamu mahali pake.

Sasa nakuja kwenye ncha, na hapa ndipo subira hupimwa. Kalamu ikikwaruza karatasi, watu wengi hukimbilia msasa. Chukua kwanza kioo cha kukuzia. Mara nyingi utaona kwamba pande mbili za ncha hazilingani, mmoja uko juu ya mwenzake. Ubonyeze ule wa juu kwa ukucha, kidogo kidogo, ukitazama kila mara, mpaka zilingane. Kwa kalamu nyingi dawa ni hiyo tu. Tone la madini magumu lililo mwishoni mwa ncha ni dogo kuliko punje ya ulezi. Ukilisaga, halirudi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kalamu ya baba ilipoanza kuandika, ilikwaruza mkononi mwangu. Nilikwisha kushika msasa, mzee akanizuia. Akaniweka kioo machoni nikaona kwamba ncha imelika upande mmoja, kwa mshazari. "Huu ni mkono wa baba yako," alisema. "Ameandika hivyo miaka mingi. Ilaze kama alivyoilaza yeye." Nikakumbuka jinsi alivyoshika kalamu, ameilaza sana kuelekea bega la kuume. Nikafanya vivyo hivyo, ikateleza kama mafuta. Kama ningalisaga siku ile, ningaliufuta mkono wake kwa dakika moja.

Mwisho, tumieni wino uliotengenezwa kwa kalamu hizi. Wino mweusi wa wachoraji una gundi ndani yake, hukauka katika mifereji na kuiziba tena. Na kalamu isiyotumika isilale na wino. Ioshwe, iwekwe kavu.

Kwa hiyo anzeni na jambo dogo kabisa, yaani maji, kisha ukucha, na msasa uwe wa mwisho, au usiwepo. Kitu cha kale kikigoma, kina sababu. Tuiulize kwanza kabla hatujashika kisu.