Farasi Anapotulia: Utumbo Mwembamba na Udanganyifu wa Maumivu



Nimechagua kuzungumzia msokoto wa tumbo kwa farasi, hasa ule unaoanzia kwenye utumbo mwembamba, kwa sababu hapo ndipo imani iliyozoeleka zizini inapoua. Imani hiyo husema kwamba farasi aliyekuwa akijigaragaza, akijipiga mateke ya tumbo na kutiririka jasho, akitulia amepona. Hoja yangu ni kwamba maumivu peke yake si kipimo cha kutegemewa katika utumbo huu, na anayengoja yamwamulie humpotezea mnyama saa ambazo hazitarudi.

Utumbo mwembamba wa farasi mzima una urefu wa takriban mita 22, nao unaning'inia kwenye utando mrefu unaouacha usogee huku na huko. Uhuru huo ndio unaouponza. Kipande chake kinaweza kujisokota, kupenya katika tundu dogo lililo kando ya ini, au kunyongwa na uvimbe wa mafuta wenye kikonyo, kisa kinachowapata zaidi farasi wazee. Vena, zenye kuta laini, hubanwa kwanza. Damu inaingia lakini haitoki, ukuta wa utumbo unavimba na kuwa mweusi, na baada ya saa chache unaanza kufa. Wakati huohuo mate na maji ya mmeng'enyo hukosa njia, yakarudi na kujaa katika mfuko wa tumbo. Farasi hawezi kutapika. Asipotolewa maji hayo kwa mpira unaopitishwa puani, mfuko huo unaweza kupasuka. Sasa tutazame utulivu unatoka wapi. Utumbo ukifa, kilio chake hufifia. Mfuko wa tumbo ukipasuka, shinikizo lililokuwa likimtesa farasi huondoka mara moja. Katika hali zote mbili atasimama kimya, kichwa chini, na mwenye farasi atamshukuru Mungu huku sumu ya bakteria ikiingia kwenye damu.

Itasemwa kwamba misokoto mingi huisha kwa dawa ya maumivu tu. Ni kweli, wala sishauri mnyama anyimwe dawa. Ila dawa kama fluniksini hupunguza maumivu bila kufungua fundo. Kwa hiyo kinachostahili kusomwa ni vitu ambavyo dawa haivifichi kwa urahisi. Moyo wa farasi aliyepumzika hupiga kati ya mara 28 na 44 kwa dakika. Ukibaki juu ya 60 ilhali mnyama anaonekana mtulivu, utulivu huo usiaminiwe. Maji yanayozunguka matumbo yakivutwa kwa sindano yakawa mekundu, na lakteti yake ikizidi ile ya damu, kuna utumbo unaokosa damu. Kwa punda, kama wale wanaobeba mizigo Lamu, jambo hili lina uzito zaidi, maana punda huficha maumivu kuliko farasi, na pengine dalili pekee ikawa kukataa kula.

Pingamizi lenye nguvu zaidi linatoka kliniki zenyewe. Upo uvimbe wa sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba ambao nao hujaza mfuko wa tumbo, lakini hutibiwa bila kisu. Maji yakitolewa kwa mpira, farasi hutulia kwa haki, ingawa hubaki mnyonge na mara nyingi ana homa. Je, basi utulivu si dalili njema? Huenda ikawa, lakini ni vipimo vinavyoupa maana. Hapa hata daktari mzoefu anaweza kukosea, na ndiyo maana vipimo virudiwe kila baada ya muda mfupi.

Wengine watauliza faida ya kuwahi iko wapi, ikiwa hospitali za kumpasua farasi ni chache mno katika eneo letu. Pale upasuaji unapopatikana, jibu lipo: David Freeman na wenzake waliripoti mwaka 2000 kwamba zaidi ya asilimia 80 ya farasi waliopasuliwa utumbo mwembamba waliruhusiwa kurudi nyumbani. Pale usipopatikana, utambuzi wa mapema humwepusha mnyama na kifo cha mateso ya usiku kucha, na hilo peke yake latosha. Kinga nayo ipo. Utafiti wa Proudman na wenzake, uliochapishwa Uingereza mwaka 1998, ulikadiria kwamba asilimia 81 ya visa vya kuziba kwa sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba vilihusiana na tegu, mnyoo anayetibika kwa dawa ya prazikwanteli.

Nawaomba wenye farasi na wachungaji wao: andikeni saa maumivu yalipoanza, saa dawa ilipotolewa na mapigo ya moyo kila mnapoyahesabu. Maumivu yakirudi mapema, au moyo ukikataa kushuka, mwiteni daktari saa hiyohiyo, hata kama farasi amesimama kimya.